Kushona jaketi kutokana na jinzi zilizokosa wanunuzi

Jambo hili ninaulizwa karibu kila wiki na wanachama wa kikundi chetu, nami nimechoka kulijibu kwa vipande, kwa hiyo naliandika lote hapa. Sizungumzii mitumba iliyochakaa, bali jinzi mpya zilizododa dukani kwa kukosa saizi au kupitwa na mtindo. Jaketi ya mtu mzima hunichukulia suruali tatu.

1. Panga suruali kwa uzito wa kitambaa, na zinazovutika uziweke kando.

2. Ondoa lebo za kampuni na vifungo vyenye jina lake.

3. Fua kila suruali kabla ya kuifumua. Katika mwaka wangu wa kwanza niliunganisha jinzi kuukuu ya soko la mitumba la Gikomba, Nairobi, na jinzi mpya ambayo haikuwahi kuguswa na maji, nikaweka bitana nyeupe ya pamba. Mteja alipoifua mara moja tu, mikono iliyotoka kwenye jinzi mpya iliruka kwa vidole viwili, mishono ikajikunja, na bitana ikawa na madoa ya buluu kuzunguka kola yote. Nilimrudishia fedha zake. Pamba huvutwa inapofumwa kiwandani, na ikipata maji nyuzi hulegea na kunywea. Baadhi ya jinzi hufuliwa kiwandani na nyingine hazifuliwi, na kwa macho si rahisi kuzitofautisha. Basi zote zifue kwa maji moto mara mbili, uzianike zikiwa nje ndani. Kisha sugua kitambaa cheupe chenye unyevu juu yake, na kikitoka na buluu, rudia.

4. Fumua kwa wembe, ukianzia kiunoni.

5. Kata vipande vyote kwa kufuata urefu wa uzi, kisha ushone kwa sindano namba 16.

Mwanachama, Kayole: Naweza kuruka kufua? Mteja anasubiri.

Jibu: Hapana. Soma tena hatua ya tatu.

Mwanachama, Kawangware: Mwalimu, mama huloweka nguo katika chumvi ili zisichuje. Je, jinzi nazo?

Jibu: Nashukuru kwa swali hili. Chumvi humsaidia mtia rangi wakati pamba inapotiwa aina fulani za rangi, lakini haifungi rangi ya nguo iliyokwisha kutengenezwa. Chomoa uzi mmoja wa buluu, uukate, utazame ncha yake mwangani: pembeni ni buluu, katikati ni mweupe. Indigo, yaani rangi hiyo ya buluu, hukaa juu ya uzi, ndiyo maana jinzi hupauka magotini. Kinachosaidia ni kufua mpaka kitambaa cheupe kitoke safi.

Mwanachama, Pipeline: Lebo ya jina kubwa huongeza bei. Kwa nini niipoteze?

Jibu: Kwa sababu jaketi hiyo umeishona wewe, na mnunuzi hapaswi kuaminishwa vingine. Majina hayo hulindwa mno: mwaka 2018 ilijulikana kwamba Burberry, kampuni ya mavazi ya kifahari ya Uingereza, ilikuwa imeharibu, katika mwaka mmoja wa fedha, bidhaa zisizouzwa za zaidi ya pauni milioni 28, na baada ya kulaumiwa ikatangaza kuacha kuzichoma. Shona lebo yako mwenyewe.

Mwanachama, Ngara: Mabaki huyafanyia nini, dada?

Jibu: Mikanda ya kiunoni usiitupe, kwani tayari imeshonwa kwa tabaka mbili na hufaa sana kuwa mpini wa mkoba. Zipu ya suruali ni fupi mno kwa kifua cha jaketi, lakini inatosha mfuko wa ndani. Vipande vidogo kuliko kiganja mimi huvikatakata na kujazia mito.