Unatoka Mombasa kwenda nchi ya theluji: mambo ya kuzingatia kabla

Wengi wanaoondoka Mombasa kwenda kusoma au kufanya kazi Ulaya na Amerika Kaskazini hujiandaa kwa baridi peke yake. Hununua koti zito kuliko yote sokoni, wakaona wamemaliza. Koti ni jambo jepesi. Kinachomtesa mtu wa pwani ni maji, utelezi, giza, na hewa isiyotulia tangu asubuhi hadi jioni.

Sisi hewa yetu ina miadi. Kaskazi ikiingia twajua, kusi ikivuma twajua, na hata usiku wa Julai joto halishuki sana chini ya nyuzi 20. Kule wiki moja yaweza kubeba mvua, theluji na jua kali. Mjini Calgary, Kanada, upepo wa joto uitwao Chinook hushuka kutoka milimani na waweza kupandisha joto kwa nyuzi 20 ndani ya saa chache, kisha baridi ikarudi vilevile. Na siku ya hatari mara nyingi si ile ya baridi kali mno, bali ile inayocheza kwenye sifuri: theluji huyeyuka mchana, maji yake yakaganda usiku. Asubuhi njia yaonekana imelowa tu, kumbe ni barafu tupu. Hapo ndipo watu huvunjika mikono.

Kwa hiyo zoea kusoma utabiri wote, si namba moja. Tazama joto la juu na la chini, kisha upepo. Nyuzi 10 chini ya sifuri, upepo ukienda kilomita 30 kwa saa, ngozi huhisi kama nyuzi 20 chini ya sifuri. Uingereza, Met Office, idara yao ya hali ya hewa, hutoa tahadhari kwa rangi: manjano, chungwa, na nyekundu. Nyekundu maana yake maisha yako hatarini, kwa hivyo kaa ndani hata kama bosi anapiga simu.

Mavazi huvaliwa kwa tabaka. Ya kwanza, inayogusa mwili, iwe ya sufu au poliesta, kwa sababu pamba hunywa jasho na kukaa nalo, ukapoa ukiwa umevaa. Juu yake sweta, na mwisho koti linalozuia upepo na maji. Koti zuri utalipata mitumbani Kongowea kwa bei ya haki. Jaribu zipu mara kadhaa, chunguza mishono, hakikisha lina kofia na linafika mapajani. Viatu ningekushauri ununue huko huko uendako. Soli iwe ya mpira laini wenye meno marefu, na ndani ibaki nafasi ya soksi nene. Kiatu kikibana, damu haifiki vizuri vidoleni na mguu hupoa upesi. Kwa dada zetu, pindo la buibui lipandishwe hadi kwenye kifundo cha mguu kabla ya safari, maana likiburura kwenye theluji hulowa na kuganda. Koti lenyewe ulibebe mkononi ndani ya ndege. Masanduku huchelewa, na baridi ya mlangoni mwa uwanja haikungoji.

Ukitembea juu ya barafu, tembea kama unavyopita kwenye miamba yenye mwani bahari ikikupwa: hatua fupi, unyayo mzima chini, mikono nje ya mifuko ili ikusaidie ukiteleza. Ndiyo maana glavu si pambo.

Ngozi nayo ina shauri lake. Mitambo ya kupasha nyumba joto hukausha hewa, midomo na mikono ikapasuka. Ukichukua mafuta ya nazi ya nyumbani, yatie kwenye kopo lenye mdomo mpana, kwa sababu huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na kwenye chupa hayatatoka. Baada ya udhu jifute ukauke kabisa kabla hujafungua mlango. Ruhusa ya kupangusa juu ya khofu (soksi za ngozi) badala ya kuosha miguu, mchana na usiku mmoja kwa mkaazi, wengi wetu tuliisoma madrasa na hatukuihitaji kamwe. Rudi kwa ustadh wako akueleze masharti yake kabla hujaondoka.

Jitayarishe pia kwa giza. Hapa jua huzama saa kumi na mbili na kitu mwaka mzima. Oslo, Norwe, mwishoni mwa Desemba, jua hutoka kama saa tatu na robo asubuhi na kuzama kama saa tisa na robo alasiri, hivyo Adhuhuri, Alasiri na Maghribi zote huingia ndani ya saa tatu hivi. Panga zamu zako za kazi kwa kujua hilo. Jua hilo dogo halitoshi kuupa mwili vitamini D, hasa sisi wenye ngozi nyeusi. Huduma ya afya ya Uingereza, NHS, hutushauri tufikirie kumeza maikrogramu 10 kila siku, mwaka mzima.

Kuendesha gari kungoje kwanza. Quebec, jimbo la Kanada, kwa mfano, sheria hudai magurudumu ya majira ya baridi kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15, na hata hayo hayamfundishi mtu kufunga breki kwenye barafu.

La mwisho ndilo linalonitia hofu kuliko yote: makaa. Nyumbani twapika kwa jiko la makaa na kufukiza udi kwenye chetezo, milango wazi, upepo wa bahari ukipita. Nyumba za kule zimezibwa kila upenyo. Makaa yakiwaka ndani hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, nayo huua watu wakiwa usingizini. Usiwashe jiko ndani hata umeme ukikatika, na kwa udi tafuta chetezo cha umeme. Kabla ya kulipa kodi, muulize mwenye nyumba kama kuna king'ora cha kutambua gesi hiyo. Kama hakuna, nunua chako. Mkianza kuumwa kichwa nyote kwa pamoja, mkasikia kizunguzungu na kichefuchefu, tokeni nje papo hapo, theluji au si theluji, kisha pigeni simu: 112 katika nchi nyingi za Ulaya, 911 Marekani na Kanada.