Ukerewe: nenda kwa meli, rudi kwa barabara

Anayekwenda Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, na kurudi kwa meli ileile amelipa nauli mbili akaona njia moja. Panda meli Mwanza mjini hadi Nansio, mji mkuu wa kisiwa, safari ya saa 3 na ushei majini. Kaa nje, lakini upande wa kivuli: jua la ziwani hukuchoma toka juu, kisha maji yakakurudishia. Lala Nansio, onja machungwa ya kisiwani.

Kurudi, pitia Rugezi, vuka kwa kivuko hadi Kisorya, upande wa bara, halafu gari la Bunda. Wengi hukwama hapa: wanachelewa kuamka, kivuko kinawaacha, na Bunda wanafika magari ya Mwanza yamepungua. Ulizia ratiba jioni ya kuamkia safari, tena uliza watu wawili. Beba noti ndogo; chenji ni tabu.

Toka Bunda kuelekea Lamadi, njia ya Mwanza, kaa dirisha la kushoto. Serengeti iko upande huo, ukiwa na bahati utaona wanyama bila kulipa kiingilio. Na ufukweni usichezeshe miguu kwenye matete. Konokono wa kichocho hupenda hapohapo.