Somo: Suya ya Kihausa jikoni kwako, kuanzia yaji hadi mkaani

Vyakula vya Afrika Magharibi sasa vinatajwa kila kona. Mwaka 2024 migahawa miwili ya London, Chishuru na Akoko, ilipata nyota ya Michelin kwa mkupuo mmoja, na Adejoké Bakare wa Chishuru akawa mpishi mwanamke mweusi wa kwanza Uingereza kupewa heshima hiyo. Nimefurahi mno. Lakini suya ni chakula cha barabarani, kazi ya Wahausa wa kaskazini mwa Nigeria, na mchomaji wake, mai suya, utamkuta Kano na Lagos jua likishatua, anageuza vijiti motoni na kufunga nyama kwenye gazeti. Huko ndiko tunakojifunzia.

Usiipike kama mishikaki. Mishikaki yetu tunailoweka kwa viungo vibichi, ndimu na papai. Suya inavishwa unga mkavu unaoitwa yaji, na yaji ikikosewa hakuna mkaa utakaoiokoa. Kwa hiyo hapa ndipo nitakapokaa sana.

Mahitaji, kwa kilo 1 ya nyama ya ng'ombe isiyo na mfupa: karanga gramu 200, tangawizi ya unga vijiko 2 vya chai, pilipili kali ya unga kijiko 1 (Wanigeria wataongeza), unga wa kitunguu vijiko 2, karafuu ya unga kidogo sana, chumvi, na kidonge 1 cha mchuzi cha Maggi kilichosagwa. Ukipata kimba, yale maganda meusi yanayouzwa kwenye maduka ya Wanigeria, twanga mawili. Usipoipata, tia pilipili manga na uendelee.

Hatua ya 1: Karanga. Wahausa hutumia kulikuli, yaani karanga zilizosagwa, zikakamuliwa mafuta, zikafinyangwa na kukaangwa mpaka zikawa ngumu. Sisi tutafuata njia fupi. Kaanga karanga kavukavu kwa moto mdogo, menya maganda, kisha twanga. Simama mara tu zinapoanza kushikana kwenye mchi. Zifunge kwenye kitambaa safi cha pamba, ziweke chini ya kitu kizito na uzikamue. Kitambaa kitalowa mafuta, badilisha, kamua tena. Mabaki yavunjevunje kwenye sinia, yakaushe kwenye oveni ya moto mdogo, kisha twanga na uchekeche.

Kwa nini usumbufu wote huu? Mafuta yakibaki, unga unageuka uji mzito, haushiki nyama sawasawa, na motoni unaungua kabla nyama haijaiva. Chukua unga kidogo uubane kiganjani, halafu fungua mkono. Ukiporomoka, umefaulu. Ukibaki donge, rudi kwenye kitambaa.

Hatua ya 2: Changanya unga huo na viungo vyote. Onja. Karanga itangulie, tangawizi ifuate, pilipili ije mwisho na ikae. Gawa mafungu mawili, na fungu moja uliweke kando lisiguse nyama mbichi.

Hatua ya 3: Nyama. Iweke kwenye friza kama saa moja ikaze, ndipo ukate vipande vipana na vyembamba, milimita 3 au 4, kwa kukatisha nyuzi zake. Vijiti vya mbao viloweke majini nusu saa. Tunga kila kipande kwa kukipitisha kijiti mara mbili tatu, kama unayeshona, kilale bapa.

Hatua ya 4: Futa maji yote kwenye nyama, igandamize kwenye yaji pande zote mbili, iache saa moja, kisha nyunyiza mafuta ya karanga.

Hatua ya 5: Choma kwenye mkaa ulioshika majivu meupe, usio na miali. Dakika 4 hivi kila upande. Ongeza mafuta kidogo ukigeuza.

Ikitoka, mwagia lile fungu la yaji uliloliweka kando, tandaza kitunguu kibichi na nyanya, ukipenda na kabichi. Iliwe ya moto.

MASWALI YA WANACHAMA

Dada, siwezi kutumia siagi ya karanga ya kopo? (Mombasa)
Hapana, mpenzi. Ina mafuta yote, na nyingine zina sukari, zitaungua. Kama kukamua kunakuchosha, tafuta unga wa karanga uliokwisha kuondolewa mafuta, usio na sukari.

Nakaa ghorofani, mkaa hauruhusiwi. (Muscat)
Tumia grili ya juu ya oveni, moto mkali kabisa, nyama iwe juu ya waya na sinia chini. Utakosa harufu ya moshi, lakini ladha ya yaji utaipata. Usiifunike kwa karatasi ya foili, itachemka.

Naona watu wanasema kilishi. Ndiyo hiyo hiyo? (Dodoma)
Ni ndugu yake. Kilishi hukatwa nyembamba kama karatasi, huanikwa juani, hupakwa rojo la kulikuli na viungo, huanikwa tena, kisha hupitishwa motoni kidogo. Inakaa muda mrefu bila friji. Suya ni ya kula leo.

Kuku je? (Nairobi)
Inafaa. Tumia paja lisilo na mfupa, na uhakikishe limeiva hadi ndani.

Mwanangu ana mzio wa karanga na tumealikwa kwa jirani Mnigeria. Nifanye nini? (Leicester)
Mama, mwambie jirani mapema, kabla hajawasha jiko. Kuchagua kipande kisicho na unga hakutoshi, kwa sababu yaji hurukia waya, kisu na ubao. Mwombe mchome ya mtoto kwanza, kwenye waya safi, kwa chumvi, tangawizi na pilipili tu. Mafuta nayo yasiwe ya karanga. Wengi husahau hilo. Na dawa yake ya dharura muwe nayo mkononi.