Kukusanya maoni kuhusu huduma ya matunzo nyumbani

Mkutano wa maoni ukiitishwa bajeti ikiwa imeshapitishwa, huo ni mkutano wa kupashana habari tu. Kesi ya Gunning ya mwaka 1985, dhidi ya halmashauri ya Brent huko London, iliacha masharti manne ambayo yanafaa kufuatwa popote: maoni yaombwe pendekezo likiwa bado linabadilika, sababu zielezwe za kutosha, watu wapewe muda, na majibu yao yapimwe kwa dhati kabla ya uamuzi.

Kwa hiyo anza na ukurasa mmoja unaosema wazi kipi kimeshafungwa na kipi bado kinajadiliwa. Kisha tunga swali lenye uzito. Ukiuliza "Mnataka huduma bora kwa wote?" utajibiwa ndiyo, na hutakuwa umejifunza lolote. Uliza hivi: tukiwa na saa 1,000 za huduma kwa wiki na wahitaji 200, kila mmoja apate saa 5, au 50 wasioweza kuinuka kitandani wapate saa 20 kila mmoja? Hapo watu watabishana, na ubishi huo ndio unaoutaka. Lazima atatokea wa kusema wapewe maskini pekee. Asikatizwe, ila gharama ya kuchuja nayo iwekwe mezani: fomu, wakaguzi, rufaa, na wanaostahili lakini wanaona haya kuomba.

Mtu anayekosekana mara nyingi zaidi ni mlezi, kwa sababu hana wa kumwachia mgonjwa. Tenga fedha za mtu wa kumshikia zamu, mrudishie nauli siku ileile, na mkutano usichukue zaidi ya muda wa saa mbili. Asiyeweza kutoka kabisa apigiwe simu. Wakalimani wa lugha ya alama wawe wawili, wapokezane kila baada ya dakika 20 hivi. Mmoja peke yake huchoka na kuanza kuruka maneno. Mlangoni, ili kiti cha magurudumu kipite, kila sentimita 1 ya kimo inahitaji sentimita 12 za mteremko, hivyo ngazi moja ya sentimita 15 inataka njia ya sentimita 180. Ubao mfupi uliotupiwa hapo asubuhi ni wa kumwangusha mtu.

Kaeni sita hadi wanane kwa meza, pamoja na mwezeshaji na mwandishi. Walezi wakae meza yao na wanaotunzwa yao: mama hatasema mbele ya binti yake kwamba anaogeshwa kwa pupa. Mwandishi aandike maneno kama yalivyotamkwa, na pale watu walipotofautiana aandike pande zote.

Uamuzi ukishatoka, toa jedwali la safu tatu: kilichosemwa, kilichoamuliwa, sababu. "Limekataliwa" bila sababu halitoshi. Waliotoa maoni kwa simu, wapigiwe tena wasomewe.