MODE=prod: mbele ya make au nyuma yake?

Jioni moja nilikesha nikiilaumu seva. Natumia make, programu inayojenga mradi kwa kufuata maagizo ya faili iitwayo Makefile. Nimeandika MODE=prod make jenga, nikitaka toleo la matumizi halisi (prod), lakini kila nikifungua kilichotoka, nakuta ni toleo la majaribio (dev). Seva haikuwa na kosa. Neno nililolitanguliza nilipaswa kuliweka mwishoni. Jaribu mwenyewe, dakika tano zinatosha ukiwa na GNU Make.

1. Kwenye folda tupu, andika faili iitwayo Makefile:

```
MODE = dev

jenga:
	@echo "$(MODE) imetoka: $(origin MODE)"
```

Mstari wa mwisho uanze na Tab. Ukiweka nafasi za kawaida, make itagoma na kukuandikia "missing separator". Hiyo origin ndiyo shahidi wetu, inataja thamani imetoka wapi.

2. Anza na kigeu cha mazingira, yaani jina lenye thamani ambalo sheli (programu inayopokea amri zako) huipa make inapoanza:

```
MODE=prod make jenga
```

Jibu: `dev imetoka: file`. Make imekiona kigeu chako, kisha ikafika kwenye MODE = dev na kukifuta. Hakuna onyo lolote, na hapo ndipo jioni yangu ilipoishia.

3. Sasa hamisha neno hilohilo:

```
make jenga MODE=prod
```

Jibu: `prod imetoka: command line`. Kilichoandikwa baada ya make kinaishinda faili, isipokuwa mwenye faili ametumia override, neno linaloipa faili nguvu juu ya ulichoandika.

4. Unataka mazingira nayo yasikilizwe? Badilisha = iwe ?=, maana yake "weka hii kama haijawekwa". Rudia hatua ya 2, utapata `prod imetoka: environment`.

Tahadhari: CC ?= gcc haifanyi kitu, kwa sababu make huja na CC yake tayari (kigeu kinachotaja kikusanyaji cha lugha ya C), ambayo ni cc. Ipo pia make -e, inayoyapa mazingira nguvu juu ya faili nzima. Mimi siigusi, huwezi kujua kuna nini kwenye mazingira ya mashine ya mwenzako.

5. Nywila usiiandike kamwe baada ya make. Itabaki kwenye historia ya sheli, na anayeendesha ps (amri inayoorodhesha programu zinazoendeshwa) kwenye mashine hiyo anaweza kuisoma. Kwenye bash fanya hivi:

```
read -rs NYWILA
export NYWILA
```

Ndani ya Makefile iite $$NYWILA, ambayo make huiachia sheli iisome, si $(NYWILA), ambayo make huijaza yenyewe. Make huchapisha kila amri isiyoanza na @ kabla ya kuitekeleza, kwa hiyo ile ya mabano itaanika nywila yako yote kwenye skrini.