Chupa iliyofungwa, na kinachozunguka ndani yake

Tafuta chupa ya kioo yenye mfuniko unaobana. Tandaza changarawe chini, kisha udongo wenye majani yaliyooza. Usiuchemshe: bakteria na kuvu waliomo ndio wafanyakazi wako. Panda mche mdogo unaopenda unyevu, nyunyiza maji kidogo, funga.

Kidogo kweli. Chupa yangu ya kwanza niliijaza maji kama tangi. Nilipoifungua baada ya wiki mbili ilinuka yai viza, kwa sababu udongo ulikosa oksijeni.

Iweke penye mwanga, si jua kali. Asubuhi utaona matone kwenye kioo: ni maji yaliyopumuliwa na majani, yakirudi udongoni. Jani likifa, liache. Litalainika, liote utando mweupe wa kuvu. Nitrojeni yake itarudi kwenye mizizi, na kaboni itatoka kama hewa ambayo mmea utaivuta tena.

Sasa jaribio ninalolipenda: tengeneza chupa ya pili, uifunike kitambaa cheusi. Hakuna kilichotoka ndani, lakini mmea utapauka na kufa. Maada huzunguka, nishati huingia kama mwanga na kuondoka kama joto, hairudi.