Namna ya Kujua Shambulizi la Timu ya Chuo Linafia Wapi, Kabla ya Kumlaumu Mwalimu

Jumatano timu ya chuo inashinda 4–0. Jumamosi inatoka suluhu na timu inayoburuza mkia. Kwenye daladala ya kurudi Nyegezi, Mwanza, ubishi unawaka: mmoja anataka mwalimu wa timu afukuzwe, mwingine anasema namba tisa, mshambuliaji wa kati, ni mzito, wa tatu anadai vijana hawajitumi. Kila mmoja anatetea hoja yake kwa matokeo na kwa matukio mawili matatu yaliyomganda kichwani, na wanashuka kituoni bila kukubaliana. Kuna njia ya kuumaliza ubishi huo. Inahitaji watu wawili, daftari moja na mechi tano.

Kwanza, hesabu ya bahati

Kwenye ligi kubwa, takriban shuti moja kati ya kumi ndilo linaloingia wavuni. Chukua timu inayopiga mashuti kumi kila mechi, kila shuti likiwa na uwezekano huo huo. Uwezekano wa yote kumi kukosa ni 0.9 ikizidishwa yenyewe mara kumi, yaani karibu 0.35. Kwa hiyo timu hiyo, ikicheza vilevile kila siku, itamaliza bila goli katika mechi kama 35 kwa kila 100, na katika mechi kama 7 itafunga magoli matatu au zaidi. Mwalimu ni yule yule, mfumo ni ule ule, pumzi ni ile ile.

Ndiyo maana magoli peke yake hayatoshi kumhukumu mtu baada ya mechi mbili. Hesabu mashuti, na andika yamepigwa kutoka wapi. Shuti la ndani ya kumi na nane (eneo la penalti), mbele ya lango, lina thamani kubwa kuliko mashuti kadhaa ya mbali. Timu yenye mashuti 14 ambayo 11 ni ya kubahatisha kutoka mita 25 haijashambulia sana. Imekosa njia ya kuingia.

Vifaa na maandalizi

Kaunta buku, kalamu mbili za rangi tofauti, na simu yenye saa ya kuhesabu muda. Mmoja anatazama na kutamka, mwenzake anaandika bila kuinua kichwa. Ukijaribu kufanya yote mawili peke yako, utapoteza shambulizi moja kila unapoandika, na mara nyingi ni lile la haraka zaidi, la kaunta, yaani la kunyang'anya mpira na kukimbia mbele papo hapo. Kaeni juu jukwaani karibu na mstari wa kati. Ukikaa nyuma ya goli huoni nafasi kati ya kiungo na mshambuliaji, na nafasi hiyo ndiyo unayoitafuta.

Gawa uwanja kwa theluthi tatu. Uwanja wa mita 105 unatoa mita 35 kwa kila theluthi. Kwa kuwa hakuna mstari unaoonyesha hapo, tumia eneo la penalti: lina kina cha mita 16.5, hivyo theluthi ya mwisho inaanza hatua mbili nje ya kina hicho ukikirudia mara mbili. Tafuta alama ya kudumu pembeni, mti au nguzo ya taa, uitumie mechi nzima.

Kabla ya kugusa timu yako, fanya mazoezi kwa mechi ambayo haikuumizi roho. Mechi ya klabu ya Pamba Jiji pale uwanja wa CCM Kirumba inafaa. Dakika 30 zinatosha kuzoea mkono.

Kuandika shambulizi

Hesabu kuwa ni shambulizi pale timu yako inapovuka mstari wa kati ikiwa na mpira miguuni, au inapopiga mpira mrefu uliolengwa kwa mtu. Mpira wa kubutua tu kuondoa hatari usiuandike. Kila shambulizi lina mstari mmoja wenye mambo matano: dakika, theluthi lilikoanzia, upande (kushoto, kati, kulia), njia, na lilivyoisha. Kwa njia, P ni pasi fupi, N ni ndefu, K ni kaunta, T ni mpira wa kutenga kama kona au faulo. Kwa mwisho tumia alama hizi:

PM – pasi mbaya, ingawa mwenzake alikuwa wazi
MK – mwenye mpira hakuwa na mtu wa kumpa mbele
CH – amenyang'anywa akipiga chenga
OT – kaotea
KR – krosi imekatwa au imepita watu wote
SN, SL, G – shuti lililopita nje ya goli, shuti lililolenga, goli

Alama mbili za kwanza ndizo zinazoamua kesi, na ndizo zinazochanganywa zaidi. Ukiwa jukwaani, pasi iliyopotea inaonekana ni pasi iliyopotea tu, na lawama inamwendea aliyeipiga. Tazama kwa karibu. Dakika ya 23, beki wa kulia anapokea mpira hatua tano mbele ya mstari wa kati. Winga wake kakanyaga chaki, na beki wa pembeni wa wapinzani kasimama mita moja kutoka kwake. Namba nane, kiungo wenu, yuko nyuma ya kiungo mkabaji wa wapinzani, kafichwa kabisa. Namba tisa kakaa katikati ya mabeki wawili wa kati, mgongo golini, mikono juu akiomba mpira wa juu. Beki anashika mpira sekunde mbili, tatu, anageuka nyuma, anabadili mawazo, anapiga ndefu. Golikipa wa wapinzani anadaka bila kuruka.

Jukwaa linamzomea beki wa kulia. Kwenye daftari mstari unasomeka: 23, theluthi ya 2, kulia, N, MK. Beki huyo alikuwa na milango mitatu na yote ilifungwa kabla mpira haujamfikia. Namba nane angesogea mita nne kushoto, pasi ingepita. Winga angeingia ndani, angemvuta mkabaji wake na kumfungulia beki njia ya pembeni. Hayo ni mambo ya mpangilio, na mpangilio hufundishwa Jumanne na Alhamisi mazoezini.

Sasa badili jambo moja: namba nane kasimama wazi, kageuza mwili mbele, na beki anampa mpira nyuma ya kisigino. Hiyo ni PM. Hapo kazi ya mwalimu ilishafanyika. Mguu ndio uliokataa.

Sheria ya kutofautisha ni hii: mpira unapoondoka mguuni, je, kulikuwa na mwenzake hata mmoja mbele aliyefikika kwa pasi ya chini isiyopita kwenye mguu wa adui? Akiwepo, PM. Asipokuwepo, MK. Mkitofautiana, wekeni alama ya kuuliza na msiihesabu. Alama kumi za uhakika zina kazi kuliko ishirini za kubishania.

Dakika tano za namba tisa

Macho yote hufuata mpira, kwa hiyo mshambuliaji hutazamwa pale tu anapoupata. Katika kila kipindi chagueni dakika tano, kwa mfano ya 15 hadi 20 na ya 60 hadi 65, ambapo mtazamaji anaacha mpira kabisa na kumwangalia yeye tu. Hesabu vitu vitatu: mara alizokimbia kutafuta nafasi, mara ambazo mwenye mpira alikuwa ameinua kichwa wakati huo, na mara alizopewa.

Akikimbia mara tisa na kupewa mara moja, usiseme ni mzito. Angalia viungo: je, wanapokea mpira wakiwa wametazama goli lao wenyewe? Kiungo anayepokea kwa mgongo anahitaji kugusa mara mbili zaidi kabla ya kuona mbele, na kufikia hapo mshambuliaji ameshaotea au ameshasimama. Akikimbia mara mbili tu ndani ya dakika tano, hapo kuna neno la kumwambia.

Upepo, nyasi na ratiba ya chuo

Mwanza ina upepo wake. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa inavutwa kutoka ziwani, na mechi nyingi za saa kumi jioni zinachezwa upepo ukiwa bado una nguvu. Andika juu ya ukurasa timu ilishambulia kwa kufuata upepo katika kipindi kipi. Mpira mrefu ukipigwa na upepo nyuma yake unakimbia mpaka mikononi mwa golikipa; ukipigwa dhidi ya upepo unasimama hewani na kushuka mbele ya mabeki, na mshambuliaji anayeujua mpira huo anaufikia. Timu inayopiga N nyingi ikiwa na upepo mgongoni haijasoma uwanja, na hilo linamhusu mwalimu na nahodha kwa pamoja. Usilinganishe kipindi cha kwanza na cha pili bila kuangalia mstari huu.

Uwanja nao unaongea. Kwenye nyasi bandia za uwanja wa Nyamagana mpira hauruki ovyo, hivyo PM ya pale ihesabike nzima. Kwenye kiwanja cha udongo mgumu wa Julai, au chenye madimbwi wakati wa masika, mguso wa kwanza unaharibika kwa sababu za ardhi. Andika aina ya uwanja, na ukilinganisha, linganisha mechi za uwanja wa aina moja.

Halafu kuna jambo ambalo mashabiki wa vyuo husahau wakilinganisha timu yao na klabu za Ligi Kuu: kikosi cha chuo hakikai. Wa mwaka wa mwisho wanahitimu, wengine wanakwenda fildi, wengine wana mitihani ya muhula wiki hiyo hiyo ya mechi. Kwa kila mechi andika ni wachezaji wangapi kati ya 11 walioanza leo walianza pia mechi iliyopita. Ikiwa ni saba au pungufu, usitegemee pasi za kuelewana. Kuyumba kwa timu nyingi za vyuo kunaanzia hapa, na mwalimu anastahili kuhukumiwa kwa jinsi anavyojiandaa kwa pengo hilo: je, ana mpango rahisi ambao mtu mpya anaushika kwa siku mbili, au anataka kila aliyeingia jana acheze kama aliyehitimu?

Kumsoma mwalimu

Baada ya mechi tano, jumlisha. MK zikizidi PM katika mechi nne kati ya tano, na zikitokea kwa wachezaji tofauti, tatizo ni mpangilio. PM zikijaa kwa mtu mmoja au wawili, tatizo ni hao, na swali kwa mwalimu linabaki moja: kwa nini bado wanaanza? PM zikiongezeka kwa wote baada ya dakika ya 70, ni pumzi. KR nyingi kutoka upande mmoja zina maana kwamba wapinzani wameshajua mnapopitia.

Kisha tazama anavyorekebisha. Piga mstari kwa kalamu ya rangi ya pili kila anapofanya sabu au kubadili mfumo, na linganisha dakika 15 kabla na 15 baada. Usiangalie kama goli limepatikana. Angalia kama mahali shambulizi linapofia pamehama. Ikiwa kabla ya sabu yote yalifia kulia katikati ya uwanja, na baada yake yanafika kumi na nane, mwalimu ameona alichopaswa kuona hata kama mechi imeisha 0–0.

Kona zinasema mengi kwa muda mfupi, kwa kuwa zinafanyiwa mazoezi na hakuna wa kusingizia. Andika ilipodondokea (mlingoti wa karibu, kati, wa mbali), na kama kuna mtu nje ya kumi na nane kwa ajili ya mpira wa pili, ule unaookolewa na kutoka nje ya eneo hilo. Timu ikipiga kona nane kwa namna nane, haijafanya mazoezi ya kona.

Mtego mmoja wa hesabu

Charles Reep, mhasibu wa jeshi la anga la Uingereza, alianza kuandika mechi kwa alama mwaka 1950. Aliona kwamba magoli mengi yanatokana na pasi tatu au pungufu, akashauri timu zipige mbele haraka. Alichokosea ni kwamba mashambulizi mengi ya aina yoyote huwa na pasi tatu au pungufu, kwa hiyo magoli lazima yawe mengi huko. Ukiona magoli manne kati ya sita yametoka kulia, usikimbilie kusema kulia ndiko kwenye nguvu. Ikiwa mashambulizi 80 yalipita kulia na 20 kushoto, magoli mawili ya kushoto yamepatikana kwa jasho dogo zaidi.

Kulipeleka daftari

Usilipeleke siku ya mechi, wala usilisome kwa sauti jukwaani. Nenda siku ya mazoezi, nusu saa kabla hayajaanza, upitie kwa nahodha kwanza. "Shikamoo mwalimu," kisha karatasi moja tu: juu kuna idadi ya mechi, aina za viwanja na upepo, katikati kuna picha ya uwanja yenye nukta mahali mashambulizi yalipofia, chini kuna MK, PM na KR kwa namba. Majina ya wachezaji yaache nje ya karatasi, tumia namba za nafasi, kwa sababu karatasi hiyo itapigwa picha na kufika bwenini kabla ya chakula cha jioni. Malizia kwa swali moja: nani anatakiwa kusogea beki wa kulia anapopokea mpira?